Paa la mzinga lisilopitisha joto, unatengenezaje mwenyewe?

Mfugaji_Manyoni: Habari wadau, mizinga yangu ya langstroth (ile ya masanduku yenye fremu za kuchomoa) ina mfuniko wa bati tupu na huku Singida jua la Oktoba ni kali mno, mchana nyuki wanajazana nje mlangoni na masega mapya yanalegea. Nataka nitengeneze paa la kuzuia joto bila gharama kubwa, niweke nini chini ya bati?

MamaAsali: Pole ndugu. Hao wanaojazana nje wanapunguza joto ndani, maana watoto wa nyuki wanataka kama nyuzi 34 hadi 36, hivyo badala ya kutafuta chakula wanabaki kupepea na kubeba maji, na joto likizidi kundi zima linahama. Chukua lile povu jeupe la kwenye maboksi ya tv, unene wa inchi 1 hivi, liweke kati ya bati na ubao mwembamba, ila ziba kila upenyo maana nyuki wanalitafuna na sisimizi wanazaliana humo.

Kibwezi254: Povu sawa lakini mimi napenda nyasi kavu, kwetu Makueni ni bure. Pigilia vipande vya mbao ili bati liinuke upepo upite chini yake, kisha lizidi mzinga pande zote lilete kivuli. Nyasi zikilowa badilisha haraka, mchwa wanazipenda sana.

Mfugaji_Manyoni: Asanteni sana, na rangi nyeupe juu ya bati inasaidia?

MamaAsali: Sana tu, paka. Na maji uweke karibu.