APTT 54, PT ya kawaida (vipimo vya muda wa damu kuganda), upasuaji wa ubongo kesho: tuanzie wapi?

Plazma_Ilala:
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa wa kike, miaka 46, ana uvimbe kwenye utando wa ubongo, yuko kwenye orodha ya thieta kesho asubuhi. PT sekunde 13, INR (PT iliyowekwa kwenye kipimo cha kimataifa) 1.0, chembe sahani (zinazoziba jeraha) 214. APTT imetoka sekunde 54 wakati kikomo chetu cha juu ni 36. Anatumia valproeti (dawa ya kifafa) na deksamethasoni (ya kupunguza uvimbe). Damu ilichukuliwa kwenye laini (mrija uliopo kwenye mshipa), ikatufikia baada ya masaa matano na kitu. Wodini wanauliza kama wamtundikie plazma (maji ya damu ya mchangiaji, yenye protini za kugandisha) usiku huu APTT ishuke. Ushauri tafadhali.

KitendanishiDSM:
Mkuu, plazma isubiri. Namba hiyo bado ni ya chupa, haijawa ya mgonjwa.

Shika ile chupa ya kifuniko cha bluu uitazame kwenye mwanga. Damu imefika kwenye mstari? Ndani kuna sitreti (dawa inayozuia damu isigande chupani) mililita 0.3 inayosubiri damu 2.7, yaani 1 kwa 9. Ikiingia 1.5 tu, sitreti inabaki nyingi na inakamata kalsiamu unayoongeza wakati wa kupima, hivyo sekunde zinarefuka bure. APTT huumia zaidi kuliko PT. Chomeka kijiti pia utafute bonge la damu iliyoganda. Likiwepo hata dogo, tupa sampuli.

Pili, laini. Kama ilisafishwa kwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), umepata jibu lile lile uliloandika: APTT ndefu, PT salama. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vingi vya PT vimewekewa dawa ya kuzima heparini, ndiyo maana PT haikushtuka.

Tatu, muda. PT inavumilia masaa 24 kwenye joto la chumba, APTT mwisho masaa 4, na kwa mgonjwa wa heparini sampuli izungushwe kwenye mashine ya kutenga plazma ndani ya saa 1. Faktari ya VIII (faktari ni protini za kugandisha damu) hupungua chupa ikikaa, na kwa joto letu hili la Dar, sampuli iliyobebwa na bodaboda juani haiwezi kuhesabiwa kuwa ilikaa kwenye "joto la chumba". Kuiweka kwenye barafu nako ni kosa, baridi huamsha faktari ya VII.

Chukueni upya mkono usio na dripu. Mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika 1, chupa ya bluu itangulie ile ya zambarau, igeuzwe taratibu mara 3 au 4 bila kutikisa. Ikilazimu laini, ipitishwe maji ya chumvi mililita 5, kisha mililita 5 za mwanzo za damu zimwagwe.

Daktari_wa_Usingizi:
Naunga mkono. Plazma hutolewa mililita 10 hadi 15 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 70 unamwongezea karibu lita nzima ya maji na ubongo wake umeshavimba, kwa kosa la chupa!

Ila mimi hiyo valproeti inanisumbua. Inaweza kushusha chembe sahani, kudhoofisha kazi yake, kushusha fibrinojeni (protini inayotengeneza nyuzi za bonge la damu) na hata protini ya von Willebrand (inayonasisha chembe sahani kwenye jeraha). Hesabu ya 214 haisemi kama zinafanya kazi. Aspirini vilevile: PT na APTT hazitaiona kabisa, kwa hiyo ulizeni kama amemeza yoyote ndani ya siku 7. Muulizeni pia aliponaje alipong'olewa jino, alipojifungua, na hedhi yake ikoje. Majibu hayo yana uzito kuliko sekunde 54. Ombeni fibrinojeni kwenye sampuli mpya.

Kwa kufungua fuvu, wengi tunataka chembe sahani zaidi ya 100, INR isizidi 1.4, fibrinojeni angalau gramu 1.5 hadi 2 kwa lita. Bonge dogo ambalo tumboni lingevumilika, ndani ya fuvu halina pa kwenda.

Plazma_Ilala:
Nimeitazama, imejaa nusu. Sampuli mpya inachukuliwa sasa hivi. Ikirudi ndefu tena?

KitendanishiDSM:
Changanya plazma yake na plazma ya watu wazima wenye afya, nusu kwa nusu. Pima papo hapo, rudia baada ya saa 1 hadi 2 kwenye nyuzi 37, maana kizuizi cha faktari ya VIII (kingamwili inayoizima) hujitokeza taratibu. Ikirekebika, kuna faktari iliyopungua: VIII, IX na XI zinavujisha damu, XII haivujishi hata APTT ikipaa. Isiporekebika, fikiria heparini au kingamwili ya lupasi (kwa Kiingereza "lupus anticoagulant", yaani kizuia kuganda). Hiyo ya lupasi jina lake linapotosha, kwani mwilini huelekea kugandisha damu, na hapo mshipa wa mguu baada ya upasuaji ndio wa kuchungwa.

Mpigie simu daktari wa upasuaji usiku huu huu, umwambie jibu la kwanza limefutwa na kwa nini. Usiache 54 ikae peke yake kwenye faili.