Nyumba ya 1962 Raskazone yenye mabomba ya chuma: ninunue au niachane nayo?

Mnunuzi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye mazungumzo ya kununua nyumba ya chini Raskazone, Tanga, iliyojengwa 1962. Ina vyumba 3, bafu 2, jiko, na simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 3. Kuta na paa viko imara. Mabomba ya maji ni ya chuma (GI) yaleyale ya zamani, yamefukiwa ukutani na chini ya sakafu. Asubuhi maji hutoka na rangi ya kutu kama dakika moja, kisha yanakuwa safi. Ukifungua bomba la bafuni, la jikoni linabaki uzi tu. Mwenye nyumba anasema ni mgao. Dalali anasema vitabadilishwa vipande vibovu, basi. Nianze kukagua wapi?

FundiBomba_Pwani
Mkuu, jambo la mgao linapimika palepale. Jaza simtanki, funga koki ya maji ya mtaani, tumia maji ya tanki peke yake. Tanki lililojaa halina mgao. Fungua bomba la jikoni, weka ndoo ya lita 20, angalia saa. Kisha rudia huku la bafuni likiwa wazi. Muda ukiongezeka mara mbili au tatu, bomba kuu la ndani limeziba kwa kutu. Bomba moja likiwa wazi maji hupita taratibu na kizuizi hakionekani. Mawili yakifunguliwa ndipo uembamba wa ndani unapojitokeza. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa bomba moja moja.

Kinachotokea ndani ni hivi. GI ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma hushika kutu na kutu huota vinundu kuelekea katikati, hadi bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kalamu. Rangi ya asubuhi ni maji yaliyolala usiku ndani ya chuma kitupu. Upande wa maji ya moto huwahi kufa. Na Raskazone iko ufukweni, udongo wenye chumvi hula bomba kutoka nje pia.

Omba ruhusa ya kufungua mahali pawili: nipo (kipande kifupi cha kuunganishia) ya bomba la nje, na kiungio chini ya sinki. Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona vinundu sehemu zote mbili, hesabu kwamba nyumba nzima iko hivyo, maana mabomba hayo yamezeeka pamoja.

Mwisho, funga mabomba yote pamoja na koki ya kuingizia maji tankini, tazama mita kwa dakika 30. Ikizunguka, kuna uvujaji kati ya mita na tanki. Kwa mabomba ya ndani, jaza tanki jioni, funga koki yake ya kuingizia, weka alama ya usawa wa maji, watu wasitumie maji hadi asubuhi. Usawa ukishuka, uvujaji uko ndani.

Mkwaju72
Mimi naona dalali ana hoja. Bomba la kutoka mita hadi tanki likibadilishwa, na lile linalovuja, si anaweza kukaa miaka kadhaa akijipanga?

FundiBomba_Pwani
La mita hadi tanki, sawa kabisa, lile ni rahisi na huanza nalo. Weka bomba jeusi la roli la milimita 32, zika sentimita 60.

Ndani ya ukuta hapana. GI huoza kwanza kwenye tredi (mikato ya kufungia mwishoni mwa bomba), kwa sababu pale chuma kilichongwa kikawa chembamba. Ukishika kiungio kibovu kwa paipu renchi, nguvu ile inasafiri hadi kiungio kinachofuata, ambacho kilikuwa kinashikiliwa na kutu yenyewe. Unarekebisha kimoja, kesho kinavuja cha pili, na safari hii kiko nyuma ya vigae. Halafu mtikisiko unabandua magamba ya kutu, yanakwenda kuziba boya la choo, koki za pembeni na shawa. Gharama ya kupasua na kupiga lipu tena mara tatu inazidi ya kufanya kazi nzima mara moja.

Yaache mabomba ya zamani yafe humo ukutani: yakate, yafunge kwa plagi ncha zote mbili, pitisha njia mpya. Usihangaike kuyang'oa.

UmemeNaMaji
Kuna kitu hamjakigusa nacho kinaua. Nyumba nyingi za zamani zilitumia bomba la chuma la maji kama njia ya ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ukiweka plastiki, ethi inakatika bila mtu kujua: taa zinawaka kama kawaida, lakini hita au shawa ya umeme ikipata hitilafu, mwili wa mtu ndio unakuwa njia. Kabla fundi hajakata bomba lolote, mwite fundi umeme mwenye leseni afuatilie waya wa ethi unakoishia. Kama umefungwa kwenye bomba, achimbie fimbo mpya ya ethi, apime, kisha aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Hayo yatangulie, bomba lifuate.

Mnunuzi_Tanga
Asanteni sana. Nikibadilisha yote kwa PPR (mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa joto), saizi gani na kiasi gani? Fundi mmoja ameniandikia milimita 20 nyumba nzima.

FundiBomba_Pwani
Milimita 20 nyumba nzima ni kosa. Saizi ya PPR ni ya nje, na ukuta wake ni mnene. PPR ya 20 ya daraja la presha PN20 ina tundu la milimita 13.2 tu, wakati GI ya nusu inchi ilikuwa na kama 16. Panda saizi moja: palipokuwa na nusu inchi weka 25, robo tatu weka 32, inchi moja weka 40.

Kwa nyumba yako, makadirio ya kuanzia, kwa vipande vya mita 4: vipande 3 vya 40 kushuka kutoka tanki, 7 vya 32 kwa njia kuu, 9 vya 25 kwa matawi. Elbo za 25 zenye tredi ya shaba ya nusu inchi, 14. Hesabu yake: vyoo 2, beseni 2, shawa 2 za baridi na 2 za moto, sinki 1, mashine ya kufulia 1, nje 2, hita 2. Weka koki ya kufungia kwa kila bafu na jiko, ili ukarabati wa sehemu moja usizime nyumba nzima.

Mashine ya kuchomea iwe nyuzi joto 260. Bomba la 25 lipashwe sekunde 7, uliunganishe bila kulizungusha, uliache lipoe dakika 2. Ukizidisha joto au ukisukuma mno, plastiki hujikunja ndani na kuziba tundu, yaani umetengeneza kizuizi kipya. Njia ya maji ya moto iwe PPR yenye nyuzi za kioo katikati ya ukuta wake, maana ya kawaida hurefuka sana. Sehemu inayopigwa na jua ifunikwe.

Kabla ya lipu, jaza maji, toa hewa, pampu hadi bari 10 (bari ni kipimo cha mgandamizo). Itashuka mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka, pampu tena. Saa 2 zinazofuata isishuke zaidi ya bari 0.2.

Na mnara ule wa mita 3 ni mfupi. Shawa ikiwa mita 2 kutoka chini, inabaki mita moja ya mgandamizo, karibu bari 0.1. Mabomba mapya hayatatibu hilo. Utahitaji kuinua tanki au kuweka pampu ya presha.

Wakili_Chumbageni
Dada au kaka, msisahau maji taka. Fungua chemba zote, vuta vyoo vyote viwili kwa pamoja, tazama kama maji yanapita au yanajaa kwanza. Mabomba ya udongo ya miaka ile huingiwa na mizizi kwenye viungio. Angalia na karo (shimo la maji taka) kama ukuta wake haujatitia.

Upande wa karatasi: mwambie fundi aandike makadirio ya kazi nzima, yenye saizi na idadi, upeleke mezani kama sababu ya kupunguza bei. Kama muuzaji anashikilia kwamba mabomba ni mazima, aandike hivyo kwenye mkataba, na sehemu ya malipo ibaki kwa wakili hadi kipimo cha mita na ndoo kifanyike mbele ya pande zote. Peleka namba ya mita mamlaka ya maji, uulize deni. Siku ya kukabidhiwa, pigeni picha ya usomaji wa mita, msaini wote wawili, kisha akaunti ihamishwe kwa jina lako kabla ya salio kulipwa.