Mrejesho: ile bodi ya Mustang iliyojaa rangi nzito

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza namna ya kutoa rangi ya zamani kwenye modeli yangu ya gari, ile ya plastiki ya kuunganisha vipande, ya kampuni ya AMT, Mustang ya 1967, skeli ya 1/25 (yaani urefu wake ni moja ya ishirini na tano ya gari halisi), aliyeijenga mwanzo aliipaka kwa brashi nene nene mpaka mistari ya milango ikapotea. Sasa imetoka!

Wengi mlisema mafuta ya breki, wengine spiriti ya isopropili, nikaanza na spiriti maana haina kero sana, ikatoa rangi ya juu tu, ya chini ikagoma kabisa. Mafuta ya breki ndo yakamaliza kazi, bodi nikailaza kwenye kopo lenye mfuniko halafu nikasugua na mswaki mkuukuu, glavu muhimu maana ngozi inawasha jamani. Na yule aliyesema asetoni, hapana ndugu, ile inayeyusha plastiki yenyewe.

Bampa nikaziloweka kwenye jiki, kromu ikatoka yote, nitazipaka upya. Ila kilichonishangaza ni kuiweka kwenye friza: gundi ya kale ikipoa sana inakuwa kavu na kukatika kirahisi, ukipinda kidogo vipande vinaachia tak! Chesisi na injini vimetoka hivyo bila kuvunjika.

Tairi nimezifungia peke yake, zile za vinili zikigusa plastiki muda mrefu zinaila, rimu moja tayari ina alama.

Kilichobaki ni kioo cha mbele, kina mikwaruzo, nataka kujaribu msasa laini wa maji kisha polishi. Kuna aliyewahi?