Tupeane uzoefu: ulipohama kutoka Log4j ya zamani, ulijuaje kwamba logi zinaandikwa kweli?

Wakuu, habari za kazi. Log4j 1, maktaba ya Java ya kuandika logi (kumbukumbu za mfumo), iliacha kuhudumiwa Agosti 2015, lakini mfumo wetu wa malipo uliendelea nayo hadi Desemba 2021, Log4Shell, tundu la usalama, ilipolipuka. Tundu lile lilikuwa kwenye Log4j 2, si kwenye toleo letu, ila ndipo bosi alipouliza tunatumia nini. Tukahamia 2.17.1.

Programu ikawaka bila kosa hata moja. Siku ya tatu mteja akalalamika muamala wake hauonekani. Nafungua faili la logi: tupu! Tulibaki na log4j.properties (faili la usanidi) ileile, kumbe Log4j 2 haiisomi mpaka uiambie, inatafuta log4j2.xml. Isipopata usanidi wowote, inaandika ngazi ya ERROR (makosa) kwenda juu tu, tena kwenye skrini. Siku tatu za miamala hazikuwa na kumbukumbu, na yule mteja sikuwa na cha kumwonyesha. Iliniuma sana.

Siku hizi nawasha kwa -Dlog4j2.debug=true nione faili gani limesomwa, kisha natuma muamala wa majaribio wenye namba ninayoijua na kuisaka kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Nyie je?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole mkuu. Sisi tulikwenda Logback, maktaba nyingine ya logi, kupitia SLF4J, tabaka la kati linalopokea ujumbe wa logi na kuupeleka kwenye maktaba. Tukaweka log4j-over-slf4j (inapeleka ujumbe wa Log4j kwa SLF4J), kumbe maktaba nyingine imeingiza slf4j-log4j12 (inafanya kinyume) kimyakimya. Moja inatupa ujumbe kwa mwenzake, mwenzake anaurudisha. SLF4J iligundua ikagoma kuwaka, na nashukuru iligoma. Endesha mvn dependency:tree, uone maktaba zote zilizoingia, kabla hujagusa chochote.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu ilikuwa SLF4J 2.0 na Logback 1.2. Haziivi chungu kimoja. Utaona "No SLF4J providers were found", mistari michache tu mwanzoni, halafu kimya. Panda Logback 1.3 kama uko Java 8.

Mchangiaji wa tatu:
Msisahau kujaribu kama faili la logi linafungwa na jipya kuanzishwa usiku wa manane. Mimi kwenye filePattern (muundo wa jina la faili la logi, wenye tarehe) naweka hadi dakika, nasubiri dakika tatu huku nikituma maombi, nahesabu mafaili, ndipo narudisha ya siku.

Mleta mada:
Hiyo ya dakika sijawahi kuifanya. Jioni hii naijaribu kwenye seva ya majaribio.