Kichocho cha utotoni na kansa ya kibofu, kuna uhusiano?

MtotoWaMuheza
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 63, anakojoa damu ila haumwi popote, anasema ni kichocho cha utotoni kimerudi maana enzi zao kuoga mtoni ndo ilikuwa starehe, watoto walikuwa wanatambiana nani mkojo wake mwekundu zaidi. Sasa jana barazani jamaa katuambia kansa zinaletwa na virusi. Kichocho nacho ni kirusi? Kinaambukiza? Mama ndo anamfulia nguo.

NesiMstaafu_Ngamiani
Mwanangu, kichocho ni mnyoo. Na hata ikiwa kansa, mama haipati kwa kufua. Huyo wa barazani kachanganya tu, kirusi ni kama HPV, aina ya 16 na 18 peke yake zinabeba karibu asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi, ndo maana mabinti wanachanjwa nchi nzima tangu 2018. Ila mnyoo nao unaweza kuleta kansa ya kibofu. Asimeze vidonge vya kichocho akakaa, vinaua minyoo basi. Apime mkojo, altrasaundi, ikibidi aingiziwe kamera kwenye kibofu.

pweza_mkavu
Bibi kasema kweli, niongezee jinsi kansa inavyoanza. HPV inaingia ndani ya seli, protini zake E6 na E7 zinang'oa breki, seli inazaana ovyo. Mnyoo hauna haja ya kuingia kwenye seli, mayai yake yananasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili unapigana nayo miaka nenda rudi, hiyo ndo inflamesheni (Kiswahili chetu nayo ni uvimbe, na bonge la kansa nalo uvimbe, shida tupu), seli zinakufa nyingine zinazaliwa haraka haraka kuziba pengo na hapo ndo makosa ya vinasaba yanapenya. Kirusi cha homa ya ini B kinafanya yote mawili.

Chuda99
Mbona sie wote tumeoga mtoni na tuko fiti

pweza_mkavu
Wengi hawapati mkuu. Sigara inaongeza sana lakini, mzee anavuta?

MtotoWaMuheza
Anavuta tangu ujana. Nimembana usiku huu, kumbe damu kaanza kuiona tangu mfungo sita, anaamka alfajiri kumwaga kopo mwenyewe mama asijue. Kesho tunapanda gari la kwanza kwenda Tanga.