Zoezi la kuruka kwenye safu: jedwali au mbinu ya tamaa?

Safu_Sifuri: Wakuu, habari zenu. Kuna zoezi linanisumbua. Umepewa safu ya namba, na kila namba inakuambia ukiwa hapo unaweza kuruka mbele hatua zisizozidi ngapi. Unaanzia kisanduku 0, ufike cha mwisho kwa miruko michache kabisa. Kwa [2, 3, 1, 1, 4] jibu ni 2. Mimi nimetumia jedwali: kila kisanduku nakiwekea idadi ndogo ya miruko ya kukifikia, halafu napitia vyote vinavyofikika kutoka hapo. Majaribio madogo yanapita, ila safu ikiwa na namba 100,000 muda unaisha. Nilirekebishe jedwali au nihamie mbinu ya tamaa (greedy), ile ya kuchukua kinachoonekana bora zaidi kila hatua?

Nyundo: Hamia tamaa. Kila ukitua, ruka mbali uwezavyo. Kazi imekwisha.

Bibi_Kitanzi: Tamaa mbele, mauti nyuma, Nyundo 😀 Jaribu kwa mfano huo huo wa mleta mada. Toka 0 ruka mbali uwezavyo, unatua kisanduku 2 chenye 1. Unasogea 3, ndipo ufike 4. Hiyo ni miruko 3. Ungetua kisanduku 1 chenye 3, ungemaliza kwa 2. Usiangalie mruko huu unatua wapi, angalia unaofuata utakufikisha wapi:

```
miruko = mwisho = upeo = 0
for i in range(len(a) - 1):
    upeo = max(upeo, i + a[i])
    if i == mwisho:
        miruko += 1
        mwisho = upeo
```

Hiyo -1 usiiguse. Ukiitoa, mfano wako utakupa 3.

Nyundo: Sawa mkuu, nimeona. Lakini hapo hujachagua kisanduku chochote, sasa tamaa iko wapi?

Bibi_Kitanzi: Iko kwenye upeo, yaani kisanduku cha mbali zaidi unachoweza kukifikia kutoka vile ulivyokwisha kuvipitia. Visanduku unavyoweza kuvifikia kwa miruko isiyozidi k vimeshikana, kuanzia 0 hadi mpaka fulani, havina pengo katikati. Kwa hiyo kinachohitajika ni mpaka tu. Ukiusukuma mbali kadiri inavyowezekana huwezi kupoteza kitu, maana kila kilicho ndani yake bado unakifikia.

Mzee_Wa_Jedwali: Nakubali kwa zoezi hili, ila jedwali lisitukanwe. Namba zikiwa kubwa, safu ya 100,000 inakupa ulinganisho wa karibu bilioni 5, ndiyo maana muda unaisha. Zingekuwa hazizidi 10, ulinganisho usingezidi milioni 1 na jedwali lako lingepita bila shida. Soma masharti ya zoezi kabla ya kutupa kazi yako.

Halafu wakibadilisha swali kidogo tu, kwamba kila kisanduku kina gharama yake ukitua, tafuta jumla ndogo, ule msimbo hapo juu hausaidii kitu. Mpaka haujui gharama. Hapo mtarudi kwangu.

Safu_Sifuri: Nimeelewa. Na kukiwa na sifuri njiani?

Bibi_Kitanzi: Swali zuri, maana mazoezi mengi yanakuahidi kwamba mwisho unafikika na watu wanasahau. Kwa [3, 2, 1, 0, 4] unakwama kisanduku 3. Ndani ya ile `if`, kabla ya kuongeza miruko, angalia kama upeo ni sawa na i. Ikiwa ni sawa, rudisha -1 utoke. Bila hivyo utapewa jibu 2, na litaonekana sahihi kabisa.

Safu_Sifuri: Imepita majaribio yote, asanteni. Sehemu ya pili wanataka nichapishe na njia yenyewe. Si jedwali ndilo rahisi hapo?

Mzee_Wa_Jedwali: Natamani niseme ndiyo. Lakini weka kigeugeu (variable) kimoja kinachokumbuka i iliyosogeza upeo mara ya mwisho. Kila miruko inapoongezeka, kiongeze kwenye orodha, na mwishoni ongeza kisanduku cha mwisho. Kwa mfano wako utapata 0, 1, 4.