Mjadala: Mtoto bado hajaongea vizuri na Januari ni darasa la kwanza. Abaki nyumbani tumfundishe wenyewe?

Baba wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa miaka mitano na miezi minane. Anaelewa karibu kila anachoambiwa: ukimtuma kandambili analeta, ukisema funga mlango anafunga. Kuongea ndiyo tabu. Maneno yake tukiyahesabu na mama yake tunafika arobaini hivi, na mengine tunayaelewa sisi wawili na bibi yake tu. "Gaga" ni maji. "Pii" ilikuwa pikipiki, siku hizi ni kila kitu chenye matairi. Hajawahi kuunganisha maneno matatu.

Mwaka huu alikuwa shule ya awali ya kulipia, mtaa wa pili. Mwezi wa nane wakaniita. Mwalimu hakuwa mkali, alisema tu kwamba mtoto anakaa kwenye kona mpaka saa nne, na wenzake wameanza kumwita Bubu. Hilo jina ndilo lililonichoma. Nikamtoa siku hiyo hiyo.

Sasa Januari mtoto wa miaka sita anatakiwa la kwanza. Mke wangu ni fundi cherehani, kazi yake anafanyia barazani. Anataka tumfundishe hapa hapa mwaka mmoja au miwili mpaka ulimi ufunguke. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo mtandaoni bure, na kijana anahesabu kwa vidole. Dada yangu mkubwa anasema kumweka mtoto ndani ni kumzika. Mimi, niseme ukweli, naelekea kwa mke wangu. Nauliza mambo mawili: je, ni sawa kwa mtoto? Na je, serikali imruhusu mzazi kufanya hivyo?

Mzee wa Kahawa, Tanga

Mimi nilianza kuongea nikiwa na miaka minne, leo mke wangu ananiomba ninyamaze. Mpeleke akachanganyike na wenzake, atachangamka. Ikishindikana akatwe kimeo.

Muuguzi wa Dodoma

Shikamoo mzee wangu, lakini hapo kwenye kimeo tukosane tu. Kukata kimeo hakumfanyi mtoto aongee. Nimewapokea wodini waliokatwa mtaani, damu haikatiki, mama analia kwenye benchi.

Baba wa Mbagala, kabla hatujabishana shule au nyumbani, mtoto amepimwa masikio? Simaanishi kupiga makofi nyuma yake akageuka. Mtoto anaweza kulisikia kofi na asiisikie "s" wala "f". Mafua ya kila mara huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu ukawa unapanda na kushuka, mtoto akasikia maneno kama mtu aliye ndani ya pipa. Hilo lina matibabu. Wenye tatizo kubwa zaidi nao wana njia: Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017. Akishapimwa masikio vizuri ndipo yaangaliwe mengine, usonji ukiwemo. Kumkalisha nyumbani miaka miwili hujui unatibu nini ni sawa na kumeza dawa ya malaria bila kutobolewa kidole.

Baba wa Mbagala

Hajapimwa. Nimeona aibu hata kuandika.

Mwalimu wa la kwanza, Mwanza

Usione aibu, hata sisi hatuwaambii wazazi.

Mimi naongea kutoka ndani. Darasa langu mwaka huu lina watoto 112. Kipindi ni dakika 30. Gawa mwenyewe: kila mtoto sekunde kumi na sita, kama sitapumua. Ninapowaambia tusome pamoja ba, be, bi, sauti zinapaa, na mtoto asiyeongea anajificha humo vizuri sana. Anafungua mdomo kama wenzake, hatoi kitu, na mimi sijui mpaka mwezi wa tano. Kwa hiyo wanaosema shule itamfungua waniambie itamfungua saa ngapi.

Ila nitasema na upande wa pili, kwa sababu nimeuona. Mwaka juzi nilikuwa na binti wa aina hiyo. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa "zamu yangu bado", kwenye foleni ya bembea, anamwambia mtoto aliyekuwa anampita. Mimi sikumfundisha. Nyumbani kwao hakuna foleni, ni mtoto wa pekee.

Ulizeni shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Hapo Dar zipo, Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalum zinajulikana. Walimu wa vitengo, wengi wamepita Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, wana watoto wachache na wana subira. Tatizo ni kwamba vitengo vingi vimepangwa kwa viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili. Mtoto ambaye akili yake ipo na masikio yapo ila maneno hayaji anaangukia katikati. Huyo hana chumba chake popote.

Mama wa Moshi

Nimefanya hicho mnachokifikiria, miaka miwili kasoro, na binti yangu. Ana miaka kumi sasa. Nisikilizeni kwa makini maana watu hupenda kusimulia mwisho tu.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha. Mtoto hakulia asubuhi. Hakuna wa kumcheka. Tulisoma herufi, tukahesabu mayai, nikapaka rangi makasha ya sabuni nikachora juu yake kikombe, kiatu, choo, mpira, akawa ananiletea anachotaka. Hayo makasha yalisaidia sana. Watu waliniambia nikimpa picha atazoea asiongee kabisa. Haikuwa hivyo. Akileta picha ya kikombe mimi nasema "chai", nasubiri, na siku moja naye akasema "chai".

Mwezi wa sita nikaona kitu ambacho hakuna aliyenionya. Mtoto wangu hakuwa na haja ya kuongea. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Akitazama kabati, nimeshafungua. Akikunja uso, najua viatu vinabana. Mgeni akimuuliza jina, najibu mimi kabla hajamaliza swali. Mapenzi yangu yote yalikuwa yanamnyang'anya sababu ya kutumia mdomo. Mume wangu ndiye aliyeniambia, tukagombana siku nzima, lakini alikuwa sahihi.

Ndipo nikabadilisha. Nikawa namtuma gengeni na mia tano, nimeongea na muuza genge asimpe kitu mpaka aseme, hata akisema nusu neno. Siku ya kwanza alirudi na mia tano yake mkononi. Siku ya nne alirudi na nyanya. Pia nilijifunza kunyamaza: unauliza, halafu unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Jaribuni muone kumi ilivyo ndefu. Na badala ya kumwambia "sema maji! sema maji!" kama kasuku, nikawa nasema mimi kile anachofanya: "unamimina maji, yamejaa, yanamwagika". Mtaalamu wa tiba ya usemi tulimwona mara nne tu, nauli na ada vilitushinda, lakini mambo hayo matatu alitupa yeye.

Nilimrudisha shule akiwa nyuma kwa mwaka, akachekwa, akalia, akazoea. Mtu akiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya nusu tu. Duka langu lilikufa, na sikuhesabu hilo mwanzoni. Baba wa Mbagala, cherehani ya mkeo inaleta nini nyumbani? Mtoto wa kufundishwa hasubiri mteja aondoke barazani.

Anayesoma sheria, Iringa

Nijibu swali la pili la mtoa mada. Sheria ya Elimu ya 1978, kifungu cha 35, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka saba na ahakikishe anahudhuria hadi amalize elimu ya msingi. Haikutaja kufundishiwa barazani nyumbani. Kwa upande mwingine, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 27, inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mlango uliobaki wazi ni huo huo wa mawasiliano. Mimi sidhani waliotunga walifikiria mama anayefundisha jikoni, nadhani walifikiria shule za viziwi, lakini wakili mwenye bidii anaweza kupita hapo.

Kwa vitendo kuna jambo linalouma zaidi ya sheria: namba ya PReM, ile mwanafunzi anayosajiliwa nayo kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Mtoto asiyeandikishwa shuleni hana namba hiyo, na bila shule hakuna wa kumsajili mtihani wa la nne wala wa kumaliza elimu ya msingi. Andikisheni kwanza, mengine mzungumze na mwalimu mkuu.

Dada Mkali, Kigoma

Mimi napinga ruhusa hiyo, na msiniite sina huruma. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana niliyemjua kwa sauti tu. Miaka tisa alikaa chumba cha uani, wazazi wakisema "tunamfundisha wenyewe". Walikuwa wanamficha, kwa aibu ya majirani. Mwandishi wa mada hii ni baba anayehesabu maneno ya mwanawe. Sheria haitungwi kwa ajili ya baba kama yeye. Ukiandika kwamba mzazi akiona vyema abaki naye nyumbani, watakaofurahi wa kwanza ni wale wa chumba cha uani, na wa pili ni walimu wakuu wasiotaka usumbufu. Watakwambia, "Mama, si mnaruhusiwa kumfundisha nyumbani?"

Mzazi wa Nakuru

Dada wa Kigoma amegonga ndipo. Huku kwetu Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto shule, na wazazi wanaofundishia nyumbani wamesumbuana na maafisa kwa sababu hiyo. Lakini sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inakubali elimu ya nyumbani kwa wale ambao hali yao haiwaruhusu kufika shule. Vituo vya tathmini, hivi tunavyoita EARC, vipo tangu 1984. Mtoto wangu alipimwa huko ndipo akaandikiwa shule. Foleni ni ndefu na mpimaji mmoja anahudumia eneo kubwa, sitawadanganya. Ila ni mtu wa tatu anayeamua, asiye mzazi aliyechoka wala mwalimu aliyelemewa. Mimi ningeruhusu nyumbani kwa sharti hilo: mtoto apimwe, na arudiwe kupimwa kila mwaka.

Dada Mkali, Kigoma

Mtu wa tatu akiwepo, nitapunguza ukali. Nioneshe yuko wapi hapa Kasulu.

Mswahili wa Minnesota

Huku Marekani kufundisha nyumbani kunaruhusiwa majimbo yote, na wilaya ya shule ina wajibu wa kumpima mtoto bure. Ila ukishamtoa shuleni, huduma ya usemi unaipata au huipati kulingana na jimbo. Nililotaka kusema ni lingine. Sisi tuliambiwa tuache Kiswahili ndani ya nyumba, eti kinamchanganya. Tukaacha. Mtoto hakuongea Kiingereza haraka zaidi, akapoteza tu bibi yake kwenye simu. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kuongea, na mtaalamu aliyefuata alitushangaa. Kama huko Mbagala mnaongea Kimakonde na Kiswahili, ongeeni vyote.

Baba wa Mbagala

Kimatumbi, ila nimekupata.

Nimemsomea mke wangu majibu yote, taratibu, mashine ikiwa imezimwa. Nilipofika kwa Mama wa Moshi akaniambia nirudie lile la mkalimani. Halafu akanyamaza. Baadaye mtoto alikuja akanyoosha kidole kwenye ndoo, mama yake akakaa tu anamwangalia. Ilichukua muda, mimi mwenyewe nilitaka kuinuka nimchotee. Akasema "gaga". Si jipya, lakini kawaida huwa halisemi, huwa tumeshamchotea.

Masikio ni Jumanne. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali hapa karibu nimemfuata leo. Amekubali kumwandikisha, aje mpaka saa nne na nusu, kisha arudi nyumbani, kwa miezi mitatu tuone. Hajaniandikia popote, ni maneno ya mdomo. Na darasa lenyewe nimechungulia, Mwalimu wa Mwanza hakutia chumvi. Dada yangu bado hajaridhika, anataka siku nzima. Mama mkwe anataka asiende kabisa.

Ninachouliza sasa: kuna aliyewahi kupata mpango wa nusu siku ukaandikwa rasmi? Huyu mwalimu mkuu anastaafu Juni.